Mgeni Aliyekuja Kuona Shida Yetu

Miaka ya tisini Garissa ilijaa magari meupe yenye antena ndefu. Kila gari lilikuwa na shirika lake, na kila shirika lilikuwa na fomu zake. Mimi nilikuwa nikiuza maziwa ya ngamia kando ya soko, nimeketi chini juu ya gunia, na kila gari jeupe lililopita lilinitimulia vumbi usoni. Baada ya mwaka mzima wa kumeza vumbi la misaada bila kuuonja msaada wenyewe, niliamua kwamba na mimi nitajaza fomu.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na tisa, mabinti wawili shuleni, mume dereva wa lori njia ya Modogashe ambaye nyumbani alikuja kama mvua ya kwetu, mara chache na kwa kelele, na mama mkwe ambaye hakuwa na safari. Mama mkwe ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi chetu cha wauza maziwa. Hatukumchagua. Siku ya kikao cha kwanza alifika, akaangalia huku na huku, akakalia kiti pekee kilichokuwepo, na hakuna aliyethubutu kumwambia ainuke. Mimi nikawa katibu kwa sababu nilisoma mpaka kidato cha pili na kalamu ilikuwa yangu.

Tulikuwa wanawake kumi na mmoja. Maziwa yalitoka porini, yakifika kwa lori mnamo saa nne asubuhi ndani ya mitungi ya plastiki ya manjano iliyofukizwa moshi ili yasiharibike haraka. Lakini moshi una mipaka yake, na jua la Garissa halina. Kufikia adhuhuri maziwa ya asubuhi yalikuwa yameshachacha na kuwa susa. Susa ni tamu, mimi mwenyewe naipenda, ila mteja aliyekuja kutafuta maziwa ya chai ukimpa susa anakutazama kana kwamba umemtukania mama yake. Tulihitaji kivuli tu. Nguzo nne na paa la mabati, basi.

Haja hiyo ikawa ya kufa na kupona siku karani wa soko alipopita na daftari lake, akatangaza kwamba wote wanaouza chini wawe wamejenga mabanda kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama. Asiyekuwa na banda, nafasi yake atapewa mwenye uwezo. Ilikuwa imebaki miezi mitano, nasi tukaiona mingi.

Mama mkwe aliposikia tangazo lile alifurahi waziwazi. Mji hakuupenda hata siku moja. Ukame ndio uliomfukuza kwao malishoni, Hulugho, baada ya kupunguza wanyama wake, na waliobaki walichungwa huko na kaka zake. Kila asubuhi alipoona maji yanatoka bombani alisema maji ya Hulugho yana ladha. Kila alipoona mbuzi wa mjini anatafuna karatasi alisema astaghfirullah.

"Banda likipatikana, tunakaa," aliniambia. "Lisipopatikana, tunarudi Hulugho. Mimi, wewe na watoto. Huko maziwa hayachachi, unakunywa chini ya ngamia mwenyewe."

Mume wangu alipoulizwa alisema sisi wawili tukikubaliana yeye hana neno, kisha akapanda lori lake haraka kuliko siku zote.

Mimi nilizaliwa porini na sina ugomvi na ngamia. Lakini binti yangu mkubwa alikuwa ameanza kusoma Kiingereza kwa sauti ya juu kiasi cha kuwaudhi majirani, na huko malishoni hakukuwa na shule. Nikimsikia anasoma, moyo wangu ulijaa mpaka nikawa siwezi kupepeta mchele sawasawa. Niliapa kwamba hatatolewa darasani kwa sababu ya nguzo nne.

Tena mama mkwe hakuwa na utani kuhusu kuhama. Nyuma ya nyumba yetu alikuwa amehifadhi aqal yake, nyumba ya wafugaji: miti iliyopindwa na mikeka ya nyasi, ambayo hufungwa na kubebwa juu ya ngamia. Kwetu nyumba hiyo hujengwa na mwanamke, hubomolewa na mwanamke, na ni mali ya mwanamke. Mikeka ya hiyo yake ilisukwa na mama yake na shangazi zake kabla hajaolewa. Miaka sita ilikuwa imefungwa kamba na kuegemezwa ukutani, kana kwamba ngamia angebisha hodi wakati wowote. Kuku walikatazwa kuilalia, watoto walikatazwa kuigusa, na mimi nilikatazwa kuizungumzia.

Basi nikaenda kwenye ofisi ya shirika moja lililokuwa likisaidia biashara ndogo za akina mama, nikapewa fomu. Nikaita kikao. Swali la kwanza lilikuwa jina la kikundi, na hilo lilituchukua asubuhi nzima. Swali la pili lilisema: Elezeni tatizo lenu.

"Tuandike nini?" niliuliza.

Wanawake walitazamana. "Alhamdulillahi," alisema mmoja. "Hakuna tatizo."

"Lakini tatizo lipo," nikasema. "Tatizo ni jua."

Mama mkwe akanikata jicho. "Jua ni la Mungu. Unataka kumshtaki Mungu kwa wazungu?"

Wote wakasema kweli, hilo halifai. Nikajaribu ukame. Ukame pia ni wa Mungu. Nikajaribu umaskini. Hapo wakakasirika kabisa, wakaniuliza ni nani kati yao aliyelala njaa na jirani yake yupo. Swali la tatu lilitaka idadi ya mifugo ya kila mwanachama, na kikao kikavunjika kwa kicheko, maana mtu mwenye akili zake hahesabu wanyama wake na kuwatangaza. Ukiwahesabu unawaitia jicho baya. Wenye hekima husema wapo tu.

Kwa kuwa nilikuwa katibu mwaminifu na mwenye hasira, niliandika neno kwa neno yale kikao kilichokubali. Tatizo: hakuna, alhamdulillahi, tuko kwa amani. Mifugo: wapo. Mama mkwe akatia dole gumba chini yake kwa fahari.

Miezi miwili baadaye jibu lilikuja. Shirika lilitupongeza kwa kutokuwa na tatizo na kututakia kila la heri. Mama mkwe alipenda sana barua ile. Alinifanya niisome mara tatu mbele ya wageni.

Fomu ya pili, ya shirika jingine, niliijaza peke yangu, sikuita kikao wala kumwita mtu. Nilifunga mlango, nikachukua kalamu, nikaua mifugo yote. Nilianza na ngamia, nikaja kwa ng'ombe, nikamaliza na kondoo. Niliandika kwamba tunalala juu ya jamvi moja lililotoboka, kwamba kikombe kimoja kinazunguka nyumba nzima. Niliandika kwamba mwenyekiti wetu ni mjane dhaifu asiyeweza kunyanyua hata ndoo. Mwenyekiti wakati huo alikuwa uani akimkimbiza beberu, nami nilimsikia akimshika. Nilipomaliza nikajisomea, machozi yakanilengalenga kwa jinsi tulivyokuwa tumeteseka.

Shirika lilijibu upesi. Afisa wao angekuja mwenyewe Jumatano baada ya wiki tatu, kuangalia hali yetu.

Nikaona kazi ninayo. Nikawakusanya wanawake, mama mkwe akiwa kwa ndugu zake wa mtaa wa pili, nikaanza kuwafundisha kulalamika. Jambo hilo lilikuwa gumu kuliko nilivyodhani. Sisi mtu akikuuliza habari, hata kama nyumba inaungua nyuma yako, unajibu amani kwanza, halafu baadaye, mkishamaliza amani ya watoto na ya wanyama na ya mvua, ndipo unaweza kutaja moto.

"Mimi ndiye mgeni," niliwaambia. "Habari zenu?"

"Nzuri," wakajibu wote.

"Hapana. Mnasema mbaya. Tena. Habari zenu?"

"Nzuri sana."

Mmoja wao alijitahidi, akainamisha kichwa, akatoa sauti ya mgonjwa: "Mbaya kidogo, lakini nzuri." Huyo ndiye aliyekuwa mwanafunzi wangu bora. Nilimwomba mwingine alie, akakunja uso mpaka tukadhani amebanwa na choo, tukacheka hadi tukaanguka. Kwa wiki tatu nilifundisha kilio na halikutoka chozi hata moja.

Nikaona ulimi ukishindwa, basi nyumba iseme yenyewe. Jumanne nilikwenda kwa jirani yetu wa ukuta mmoja, mwanamke mwenye mali na moyo mzuri. Nilimwomba anifichie godoro letu jipya, zulia letu, chupa za chai na sufuria kubwa. Badala yake anipe vitu vyake vibovu kuliko vyote. Alinipa jamvi lililoliwa na mbuzi na vikombe visivyo na mikono. Nilimpa na mbuzi wetu amfunge uani kwake. Nyumba ikabaki tupu na chafu, nikaitazama kwa kuridhika kama bwana harusi anavyotazama chumba chake. Jumatano asubuhi nikavaa gauni langu la kuchota mkaa, nikaenda sokoni kupokea maziwa kama kawaida, kwani mgeni alitarajiwa baada ya swala ya adhuhuri.

Kosa langu lilikuwa kumwacha mama mkwe nyumbani.

Niliporudi nilinusa kabla sijaona. Uvumba ulikuwa unatoka mlangoni kama kuna arusi. Nikaingia. Chini kulikuwa na mazulia matatu, moja juu ya jingine. Kulikuwa na mito ya kuegemea yenye nakshi za dhahabu, chupa za chai saba, sinia za kung'aa, na katikati kabisa, kwa ajili ya mgeni kukalia, godoro letu.

"Jirani ana godoro zuri," alisema mama mkwe. "La kwetu halifiki hapo."

Jirani alinieleza baadaye, akishika mbavu kwa kucheka. Mmoja alikuja kuazima vibovu, kesho yake mwingine akaja kuazima vizuri, na yeye aliona si adabu kuuliza. Mbuzi naye alirudishwa, ila hakurudi mzima. Alikuwa ndani ya sufuria.

"Hooyo," nilimwambia, nikimwita mama kwa lugha yetu, "huyu mtu anakuja kuona shida."

"Anakuja nyumbani kwangu," alijibu. "Ni mgeni. Nimkalishe juu ya jamvi la mbuzi?"

Wanachama wengine wakaanza kuingia. Kila mmoja alikuwa amevaa nguo yake ya Idi. Dhahabu ya mtaa mzima ilikuwa imeazimwa. Mwanafunzi wangu bora, yule wa mbaya kidogo, alikuwa na bangili mpaka kwenye kiwiko. Kabla sijafungua mdomo kuwatukana, gari jeupe likasimama nje.

Afisa alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye miwani. Alitoka Kenya, kama tulivyosema siku zile tukiwa Garissa, ingawa ramani ilidai na sisi tuko Kenya. Alisimama mlangoni akatazama mazulia, akatazama karatasi yake, akatazama tena mazulia.

Nyumbani mama mkwe huzungumza Kisomali kizuri kuliko cha redio, na mazungumzo yetu mimi na yeye niliyoyaandika hapa nimeyageuza kwa Kiswahili. Kiswahili chake kilikuwa kingine, alikiokota sokoni, p ikawa b na z ikawa s, naye alikitumia bila kukionea huruma.

"Karibu, karibu sana," alimwambia afisa. "Kaa hiyo godoro. Habana, sukuma mgongo kwa mto. Ndio. Biga miguu nje."

"Asante, mama. Habari za hapa?"

"Fisuri sana, alhamdulillahi. Amani iko, watoto iko, mfua iko karibu."

Afisa akakohoa kidogo. "Na shida zenu, mama, ni zipi hasa?"

"Shida?" Mama mkwe alimtazama kwa wasiwasi wa kweli. "Haba shida hakuna. Wewe iko na shida? Sema tu, sisi nasaidia."

Nilijaribu kuingilia. "Anachotaka kusema mwenyekiti ni kwamba..."

Afisa akanigeukia, akaniona na gauni langu la mkaa, akanitabasamia kwa huruma. "Dada, ukimaliza kuosha vyombo, niletee maji ya kunywa," alisema. Halafu akawauliza wengine: "Katibu wenu yuko wapi? Yule anayeandika vizuri?"

Wanawake wakatazama bangili zao. Nilikwenda kuleta maji.

Niliporudi, nyama ilikuwa imeshaingia, juu ya mlima wa wali wenye zabibu kavu, na ndizi pembeni, na tambi, na bakuli la maziwa. Afisa aliomba kwanza amalize maswali yake. Mama mkwe akamwambia hakuna mtu anayeuliza maswali akiwa na njaa, maswali ya njaa yanatoka makali. Akamkatia nyama ya paja kwa mkono wake mwenyewe.

"Bole bole, kula. Wewe iko mwembamba. Hiyo ofisi yako habana chakula?"

Afisa akala. Mwanzoni alikula kwa kazi, kisha akala kwa moyo, na mwishoni akalegeza mshipi. Katikati ya tonge akakumbuka alichofuata. "Lakini mama, fomu inasema mifugo yote ilikufa."

Mama mkwe aliweka kisu chini. "Nani nasema nakufa? Nani naleta hiyo maneno mbaya kwa nyumba yangu?" Alitema mate pembeni kufukuza mkosi. "Masha Allah, iko."

"Wangapi?"

"Iko tu. Hesabu habana. Ukihesabu naisha."

Afisa aliandika kitu kirefu. Nilitamani ardhi ipasuke initumbukize, lakini ilikuwa na mazulia matatu juu yake.

Alipoaga, wanawake walimnyunyizia marashi mikononi. Akapiga picha ya kikundi, akaniomba mimi nisogee kidogo nisizibe bangili. Kisha mama mkwe akasema mgeni hatoki mikono mitupu. Akamleta kondoo jike mnene aliyemtoa kwa ndugu zake, mmoja wa wale niliowaua kwa kalamu, akamsukuma ndani ya gari jeupe. "Beleka kwa mama ya watoto," alisema. Afisa akalalamika kwamba sheria za ofisi hazimruhusu, naye akaambiwa kondoo hajui sheria za ofisi. Gari likaondoka na kondoo akichungulia dirishani. Mtu aliyekuja kutupa msaada aliondoka na mnyama wetu.

Barua ilikuja wiki moja kabla ya Ramadhani. Ilikuwa na muhuri mkubwa wa zambarau. Shirika lilisema limefurahishwa mno kuona kikundi imara, chenye uwezo, kinachojitegemea, ambacho wanachama wake wanaishi vizuri kuliko wafanyakazi wengi wa shirika lenyewe. Kwa sababu hiyo fedha zitapelekwa kwa wahitaji. Chini kabisa, kwa kalamu ya mkono, afisa alikuwa ameongeza salamu kwa mama na kusema kondoo amezaa.

Niliikunja barua ile nikaitupa ukutani. Kisha nikamgeukia mama mkwe. Sijawahi kumpandishia sauti kabla ya siku hiyo wala baada yake, na hata sasa nikikumbuka uso unaniwaka.

"Ulifanya makusudi," nilisema. "Ulijua tukionekana maskini tutapata banda. Ulitaka tunyimwe. Unataka Hulugho yako, na watoto wangu wakachunge mbuzi!"

"Mgeni ni mgeni," alisema, akainuka akatoka.

Siku zilizofuata hatukuzungumza. Nilianza kufunga vyombo. Nilikwenda shuleni kumwambia mwalimu kwamba mabinti wataondoka, nikafika mpaka getini, nikashindwa kuingia, nikarudi. Binti mkubwa aliendelea kusoma kwa sauti. Nilikuwa na hasira na kila mtu: shirika, karani, mume wangu na lori lake, mbuzi niliyekula nyama yake nikiwa nimenuna, na zaidi ya wote yule mwanamke aliyekuwa akiswali upande wa pili wa pazia.

Ijumaa ya mwisho kabla ya Ramadhani niliamka kuswali alfajiri, nikakuta kitanda chake kitupu. Nikazunguka nyuma ya nyumba. Ukuta ulikuwa mtupu pia. Miti, mikeka, kamba, vyote havikuwepo. Mahali pale palikuwa na alama nyeupe ukutani na kuku mmoja aliyeshangaa.

Nilijua ameshaondoka. Amepanda lori la Hulugho bila kuniaga, kwa sababu ya maneno yangu. Na hapo, badala ya kufurahi kwamba nimeachwa mjini, nilijifunga leso nikakimbia kwenye malori, mzee wa watu nimemfukuza nyumbani kwa mwanawe. Niliwauliza matingo wote. Hakuna aliyempakia. Mmoja akanielekeza kwa kidole, akisema bibi mwenye mzigo kama huo alimwona kabla ya alfajiri, mzigo ukiwa kwenye mkokoteni wa punda, yeye akitembea nyuma na kumtukana punda kwa Kisomali. Alikuwa akielekea sokoni.

Pale penye gunia langu kulikuwa na nyumba.

Haikuwa imekamilika. Wanawake tisa walikuwa wanapinda miti, wanachimbia ncha, wanavuta kamba, na mama mkwe alikuwa juu ya mtungi uliogeuzwa, akiwaamrisha. Hakuna aliyehitaji kufundishwa. Kila mmoja wao alikuwa amejenga nyumba kama ile mara nyingi kuliko alizokumbuka, katika upepo na mvua, mtoto mgongoni. Kwa miezi mitano tulikuwa tumewaomba watu wa mbali watujengee kivuli, kumi na mmoja sisi, na hakuna kati yetu asiyejua kujenga. Mikeka ilipotandazwa juu, lori la maziwa lilikuwa bado halijafika.

Karani wa soko alikuja na daftari. Alizunguka jengo lile mara mbili.

"Nimesema banda," alisema. "Hii ni nini?"

"Hii nyumba," alijibu mama mkwe. "Bwana yangu nakufa ndani yake. Watoto sita nasaa ndani yake."

"Haina msingi."

"Msingi ya nini? Iko na kamba. Habana kimbia."

"Mama, amri ni kwamba nafasi zinapewa wenye uwezo. Mna uthibitisho gani kwamba mna uwezo?"

Mama mkwe akaingiza mkono kwenye kitambaa cha kichwa, akatoa karatasi iliyokunjwakunjwa na kunyooshwa tena. Niliitambua kwa muhuri wa zambarau.

"Soma. Angalia stambu."

Karani akasoma kwa sauti, akitafsiri polepole mbele ya soko zima: kikundi imara, chenye uwezo, kinachojitegemea. Alipofika kwenye kuishi vizuri kuliko wafanyakazi wa shirika, akavua kofia. "Kumbe ninyi ni matajiri," alisema.

"Shida hakuna," alisema mama mkwe.

Karani alitafuta ukuta wa kuandikia namba, akaukosa, akaiandika kwa rangi kwenye mtungi wangu. Akaenda zake. Lori likafika, maziwa yakaingia kivulini, na adhuhuri ile, kwa mara ya kwanza, niliuza maziwa mabichi baada ya swala ya Ijumaa. Mikeka ilikuwa inapitisha upepo na kuzuia jua, kama ilivyosukwa kufanya. Chini ya mabati tungeiva.

Nilimsogelea. Sikujua pa kuanzia. "Barua niliitupa," nilisema.

"Niliiokota. Mtoto alinisomea yote, mpaka kondoo. Anasoma vizuri, ila anapiga kelele." Alikuwa anakaza kamba ambayo ilikuwa imeshakaza. "Mtoto anayesoma hivyo haondolewi shuleni."

"Na Hulugho, hooyo?"

Akapapasa mkeka kwa kiganja, pale ambapo mama yake alikuwa ameanza kusuka, palipokuwa na nyuzi nyekundu zilizofifia.

"Nikalale wapi Hulugho?" alisema. "Nyumba yangu inauza maziwa."

Niligeuka nikajifanya napanga mitungi. Kilio nilichokifundisha wiki tatu bila mafanikio kilikuwa kimenijia chenyewe, kwa kwikwi, mbele ya wateja, na leso haikutosha.

Mama mkwe aliniangalia, akatikisa kichwa.

"Sasa ndio unalia?" alisema. "Mgeni ameshaondoka."